Bunagana: Mvua Tele, Maji Haba

Msafiri atokaye Goma kwenda Bunagana hana budi kuizunguka milima. Barabara yaanza juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na Nyiragongo, yapanda mpaka Kibumba kwenye baridi na mashamba ya kabichi, yateremka kupitia Rugari na Rumangabo, na kufika Rutshuru kwenye joto na migomba. Hapo yageuka kuelekea mashariki na kuanza kupanda tena, kijiji baada ya kijiji, mpaka inapokoma penye mpaka wa Uganda. Safari nzima ni ya makumi ya kilomita. Milima ya Karisimbi, Mikeno, Visoke na Sabinyo husimama mkono wa kulia, mara ikionekana wazi, mara ikijifunika mawingu kama wazee waliojitanda mablanketi asubuhi.

Mji wa Bunagana umekaa miguuni pa Sabinyo, mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 3,600. Jina la mlima huo latokana na neno la wenyeji lenye maana ya jino, kwani vilele vyake vimechongoka na kuachana kama meno yaliyobaki kinywani mwa mzee. Juu yake nchi tatu hukutana: Kongo, Uganda na Rwanda. Mwaka 1910 Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani walikutana Brussels wakapatana mipaka ya sehemu hizi, na wenyeji hawakuulizwa neno. Basi mstari ukapita kati ya ndugu na ndugu. Wa upande wa Kongo ni watu wa Bwisha, wa upande wa Uganda ni Wafumbira; lakini husemezana bila mkalimani, huoana, na huzikana. Siku za amani mtu wa Bunagana aliweza kulima Kongo asubuhi na kuuza Kisoro mchana, maana mji huo wa Uganda hauko mbali.

Yafaa tupajue mahali hapa, ndugu msomaji, kwa kuwa pana fundisho ambalo halionekani kwa urahisi mahali pengine. Tukisikia habari za ukame twafikiri mara moja juu ya nchi za mchanga na miiba: Turkana, Karamoja, Dodoma. Hatufikiri juu ya nchi ya kijani kibichi ambako mawingu hulala juu ya milima kila alasiri. Kumbe hata katika nchi hiyo kiu ipo, na njaa ipo pia.

RUTUBA NA KIU

Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka. Nchi ya Bunagana na Kisoro hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Udongo wake ni mweusi na mwepesi, uliotokana na majivu na mawe ya milima ya moto, na wenye rutuba ambayo wakulima wengi wa Afrika wangeitamani. Huota maharage, viazi vya mviringo, viazi vitamu, mahindi, mtama, ndizi, kabichi na kahawa. Kwa miaka mingi mji wa Goma ulilishwa na wilaya hii ya Rutshuru. Gunia la maharage lililopakuliwa sokoni Goma, mara nyingi lilijazwa na mwanamke aliyeinama juu ya mawe ya Jomba, Rugari au Kibumba.

Lakini mwulize mwanamke huyo juu ya maji. Atakuonyesha watoto wenye madumu ya manjano migongoni, wakipanda na kushuka njia za mawe kwa saa nzima au zaidi. Udongo wa volkano, kwa wema wake wote, una kasoro moja: haushiki maji. Chini ya majivu pana mawe yenye vitundu na nyufa nyingi, na mvua ikishanyesha huzama humo kama maji yaliyomwagwa katika chungio. Baada ya tufani kubwa mtu hutegemea kuona mito ikivuma. Hapa aona njia zimelowa, na kesho yake vumbi. Maji yamekwenda chini, nayo hutokea mbali, bondeni, penye chemchemi chache.

Jambo hili si la kubuni. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Goma, wengi walipelekwa kukaa Kibumba. Hapakuwa na mto wala kisima. Maji yalilazimika kuletwa na malori kutoka mbali. Katika juma chache kipindupindu na maradhi ya kuhara viliua makumi ya maelfu ya watu katika Goma na kambi zake, ingawa Ziwa Kivu lilikuwa pale pale likimeremeta. Nchi ya mvua nyingi ilikosa maji safi ya kunywa.

Upande wa Uganda twaona habari hiyo hiyo. Kati ya milima ya Muhabura na Gahinga, juu sana msituni, pana kinamasi kiitwacho Kabiranyuma. Kutoka huko maji yaliletwa kwa mabomba mpaka vijiji vya chini vya Kisoro, kwa sababu huko chini hayapatikani. Kinamasi hicho ni kama tangi lililowekwa na Mwenyezi Mungu juu ya paa la nchi: miti, mianzi na kuvu za msituni hupokea mvua na ukungu, hushika maji, kisha huyaachilia polepole. Ukiukata msitu umelitoboa tangi.

Tena ni vema kujua maji haya yaendako. Milima ya Virunga ndiyo mgongo wa nyumba. Mvua iangukayo upande wa Goma huingia Ziwa Kivu, hushuka kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika, na mwisho hufuata mto Kongo hadi bahari ya magharibi. Ile ya upande wa Rutshuru na Kisoro huenda njia nyingine. Ziwa Mutanda la Kisoro humwaga maji yake katika mto Rutshuru. Mto huo waingia Ziwa Edward, nalo latoa Semliki, na Semliki wafika Ziwa Albert na kuungana na Nili. Mkulima wa Misri anayenywesha ngano yake hajui kwamba sehemu ya maji hayo yalianza safari katika nchi hii, karibu na watoto wenye madumu matupu.

MAJIRA YAMEPOTEZA NJIA

Mababu wa nchi hii waliigawa mwaka katika misimu minne. Masika yalikuwa Machi mpaka Mei, ndiyo waliyoyaita itumba. Juni mpaka Agosti kilikuwa kiangazi kikuu, impeshyi. Mvua zilirudi Septemba na kuendelea hadi Desemba, na mwezi wa Januari na Februari palikuwa na kiangazi kidogo. Kila kazi ilikuwa na wakati wake. Maharage yalipandwa mvua za Septemba zilipotulia, tena mwezi wa Machi. Mtama ulipandwa mwanzo wa mwaka, ukavunwa Julai au karibu yake. Mtu hakuhitaji kalenda. Aliutazama upepo, mwezi na majani ya miti, akatwaa jembe.

Siku hizi wakulima wa milima hii husema kwamba ishara zimewadanganya. Mvua huja siku kumi, mbegu huota, kisha jua huwaka juma mbili au tatu na miche hunyauka. Mwaka mwingine mvua huchelewa hata Oktoba, kisha huanguka yote pamoja na kulichukua shamba. Jumla ya mwaka yaweza kuwa ile ile ya zamani. Ila mmea hauli jumla ya mwaka. Mmea hula mvua ya juma hili. Haragwe likikosa maji linapotoa maua halitazaa, hata ikinyesha gharika mwezi ujao. Na katika udongo usioweza kushika maji, siku chache za jua kali ni sawa na mwezi mzima mahali pengine.

Hapo ndipo tunapoliona jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni mbegu. Shamba la ekari moja la maharage lahitaji kilo 20 za mbegu au zaidi. Mbegu hiyo si kitu cha dukani kilichowekwa kando. Ni chakula chenyewe ambacho mama amewanyima watoto wake kwa miezi ili apate cha kupanda. Miche ikifa, yampasa kupanda tena, na hiyo ni kilo 20 nyingine. Ikifa mara ya pili hana kitu tena. Basi hukopa kwa riba, au huuza mbuzi, au huenda kulima shamba la mwenziwe kwa ujira wa siku, na siku hiyo shamba lake mwenyewe lalala. Katika nchi hii umaskini huanza mara nyingi siku ambayo familia imekula mbegu yake.

Kwa nini majira yamebadilika? Wataalamu wameeleza vizuri, wala si siri. Tangu mataifa yalipoanza kuchoma makaa ya mawe na mafuta katika viwanda na magari, hewa ya kaboni imeongezeka na kuifunika dunia kama blanketi. Mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kupita miaka yote iliyowahi kupimwa. Hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi zaidi, yapata asilimia 7 kwa kila digrii moja. Kwa hiyo hunyonya zaidi unyevu wa udongo wakati wa jua, na hukamua zaidi wakati wa mvua. Ndiyo maana kiangazi kikali na mafuriko makali ni watoto wa mama mmoja.

Ushahidi tumeuona karibu nasi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Mamilioni ya mifugo walikufa. Mwezi wa Aprili 2023 wataalamu wa mataifa mbalimbali walitangaza kwamba joto lililoletwa na wanadamu lilikuwa limeufanya ukame wa namna ile uwe rahisi kutokea angalau mara 100 kuliko zamani. Mwezi uliofuata, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda. Kesho yake, Alhamisi tarehe 4 Mei, siku ya soko, mito ya Kalehe katika Kivu ya Kusini iliviangukia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakapoteza maisha. Jirani mmoja alilia kwa kukosa mvua, na mwingine alilia kwa kuzidiwa nayo.

Hata milima mirefu yashuhudia. Barafu ya Ruwenzori, ambayo mwaka 1906 ilienea karibu kilomita 7 za mraba, ilikuwa imepungua chini ya kilomita moja ya mraba kufikia mwaka 2003. Na mbu wa malaria, ambao baridi ya milimani iliwazuia zamani, wamepanda wakifuata joto. Baada ya mvua nyingi za 1997 na mwanzo wa 1998, wilaya ya Kabale, jirani ya Kisoro, ilipatwa na malaria iliyowaangusha watu wengi wasioizoea.

NJAA ZA ZAMANI

Mtu asidhani kwamba njaa ni kitu kipya katika nchi hizi. Wazee walizipa njaa kubwa majina, kama vile watu wanavyompa jina adui ili asisahauliwe. Njaa ya 1928 na 1929 nchini Rwanda iliitwa Rwakayihura. Ile iliyoanza mwisho wa 1943 na kuendelea mwaka wote wa 1944 iliitwa Ruzagayura. Katika hiyo ya pili mvua zilikosekana, ugonjwa ukaozesha viazi mashambani, na hayo yalitokea wakati serikali ya Wabelgiji ilipokuwa ikiwadai watu kazi na mazao kwa ajili ya vita vya dunia. Makumi ya maelfu walikufa. Wengine walifunga mizigo yao wakavuka kwenda Kongo na Uganda, na njia za milima hii zilijaa watu waliokonda.

Tutazame vema: katika Ruzagayura ukame haukuua peke yake. Ulikuta watu wamechoka, ghala tupu, na zao moja lililotegemewa kupita kiasi. Jua ni mwizi anayeingia nyumba isiyo na mlango. Hii ndiyo sababu baada ya njaa ya 1929 watu walilazimishwa kulima mihogo na viazi vitamu, mazao yanayoweza kungoja ardhini. Amri ilikuwa kali na wengi waliichukia, lakini maana yake ilikuwa kwamba chakula cha akiba kiwepo hata mvua ikikosa ahadi.

Tena watu wa zamani walikuwa na kinga nyingine, nayo ni kuvuka. Mvua ikikosa upande huu, mtu alikwenda kwa shemeji yake upande wa pili wa mlima, akalima kwa msimu mmoja, akarudi na mbegu mgongoni. Mlima mmoja una mawingu yake, na bonde lingine lina yake. Undugu ulikuwa ghala.

VITA JUU YA KIANGAZI

Kinga hizo zote zimevunjwa na vita. Bunagana imetwaliwa na kukombolewa na kutwaliwa tena. Wapiganaji wa M23 waliingia mji huo Julai 2012, wakaondolewa mwisho wa Oktoba 2013. Kisha wakautwaa mara nyingine tarehe 13 Juni 2022. Siku hiyo maelfu ya watu walivuka mpaka na kukimbilia Kisoro, wakapokewa katika kambi ya Nyakabande, na baadaye wengi wakapelekwa mbali zaidi, Nakivale na kwingineko. Januari 2025 Goma nayo ikatwaliwa.

Mkulima akisoma tarehe hizo huona jambo ambalo askari halioni. Juni na Julai ndiyo miezi ya mtama kukauka shambani na maharage kuwa yameingia nyumbani. Aliyekimbia Juni 2022 aliacha mavuno ya nusu mwaka na mbegu ya Septemba. Septemba ilipofika mvua ilinyesha juu ya mashamba yasiyo na mwenyewe. Huo nao ni ukame, ijapokuwa mbingu zimefunguka. Kwa kuwa shamba halilimwi na mvua, hulimwa na mtu.

Kadhalika vita hukata misitu. Watu waliokimbia hupika, na Goma yenye wakazi wengi hupika kwa makaa, ambayo huko huitwa makala. Sehemu kubwa ya makaa hayo imetoka katika mbuga ya Virunga, iliyowekwa mwaka 1925 na ambayo ni ya kwanza katika Afrika. Mama wa Goma anayenunua gunia la makaa hana kosa, kwani watoto wanangoja chakula. Lakini kila gunia ni tawi la mti uliokuwa ukiwashikia maji watu wa Rutshuru. Kwa sababu hiyo mitambo ya umeme wa maji iliyojengwa katika mito ya Rutshuru, kama ule wa Matebe uliofunguliwa 2015, ina faida mbili: huwasha taa, na pale ambapo watu wameweza kupikia umeme, huokoa msitu unaoulisha mto wenyewe.

Tusiwadanganye wasomaji kwa kuweka lawama yote juu ya hali ya hewa. Mwaka 2024 Wakongo zaidi ya milioni 25 walikuwa na upungufu mkubwa wa chakula, na sababu ya kwanza mashariki mwa nchi ni bunduki. Ila bunduki na jua husaidiana. Mtu aliye na amani huweza kuustahimili msimu mmoja mbaya. Aliye na mvua nzuri huweza kuinuka upesi baada ya vita. Asiye na kimoja wala kingine ataanzia wapi?

YALIYO MIKONONI MWA MKULIMA

Yako mambo ambayo mkulima wa Bunagana hawezi kuyatengeneza. Hawezi kuzima viwanda vya Ulaya, Marekani na China. Nchi yake ni miongoni mwa zile zinazotoa moshi kidogo kabisa kwa kila mtu, naye alipa deni ambalo hakulikopa. Haki yadai kwamba walioichafua hewa wamsaidie, na viongozi wetu wapaswa kulisema jambo hilo bila woga wanapokutana na wakubwa wa dunia. Wala mkulima hawezi peke yake kuwaondoa wenye silaha. Lakini kuna mengine yaliyo karibu na jembe lake, na wengi wameyajaribu yakafaa.

La kwanza ni paa. Bati la nyumba yenye eneo la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake, hutoa lita 400 za maji. Hayo ni madumu 20 ya lita 20, yaani safari 20 ambazo mtoto hatazifanya. Mvua ya namna hiyo huanguka mara nyingi katika msimu wa Bunagana. Kinachotakiwa ni mfereji wa bati ukingoni mwa paa na chombo cha kupokea. Hata pipa moja ni mwanzo, na kundi la majirani waweza kuchanga na kujenga tangi la saruji nyumba baada ya nyumba. Shule na kanisa, kwa kuwa zina mapaa makubwa, zaweza kutoa mfano. Katika nchi ambayo ardhi haishiki maji, ni lazima watu wayashike kabla hayajaigusa ardhi.

La pili ni kuufanya udongo ushike zaidi. Samadi, majani makavu na mabua yakiachwa shambani badala ya kuchomwa, hufunika ardhi na kuzuia jua lisinyonye unyevu. Mitaro iliyochimbwa kukata mteremko, na majani ya tembo yakapandwa ukingoni, huzuia mvua kubwa isichukue udongo, na hulisha mbuzi pia. Miti ya kupandwa kando ya shamba ichaguliwe kwa akili: mkaratusi hukua upesi na hufaa kwa kuni, lakini hunywa maji mengi na haufai kusimama karibu na chemchemi.

La tatu ni kutotegemea zao moja. Viazi huleta fedha upesi, lakini ugonjwa wa ukungu huvimaliza katika siku chache mvua ikizidi. Mtama hukawia shambani, hata hivyo hustahimili jua kuliko mahindi. Vijana wengine wameudharau wakiuita chakula cha wazee, wakasahau kwamba wazee hao waliishi hata wakawazaa wao. Afadhali shamba liwe na maharage, mtama, viazi vitamu na mihogo kidogo mahali inapokubali, ili moja likianguka lingine lisimame.

La nne, nalo ndilo kubwa, ni kuilinda mbegu. Bibi zetu walichanganya maharage na majivu ili fukusi wasiyale, na walitundika masuke ya mtama juu ya moshi wa jiko. Leo ipo mifuko isiyopitisha hewa, ambayo ndani yake wadudu hufa bila dawa. Jambo kubwa zaidi ni kuiweka mbegu pamoja. Kikundi cha familia 20 au 30 kikiweka ghala moja, kila mmoja akaleta debe lake baada ya mavuno, yule ambaye miche yake imekufa hukopa mbegu na kurudisha baada ya kuvuna, pamoja na nyongeza kidogo. Halazimiki kumwendea mwenye riba. Na ni busara sehemu ya akiba hiyo ikae kwa ndugu wa kijiji kingine, kwani vita vikija ghala moja huchomwa kwa usiku mmoja. Yosefu aliwaokoa Wamisri kwa ghala, naye alianza kuweka miaka ya shibe, wala hakungoja njaa ifike.

La tano ni msitu wa juu. Kabla ya kuuona kuwa ni kuni au shamba, tuuone kuwa ni kisima. Mwishoni mwa miaka ya 1960 upande wa Rwanda sehemu kubwa ya msitu wa volkano ilikatwa ili kulima pareto, na eneo la msitu likapungua sana. Pareto iliuzwa, fedha ikatumika, na msitu haukurudi. Wale wanaokaa chini ya mlima ndio wa kwanza kupoteza unapovuliwa nguo, kwa hiyo ni haki nao wawe wa kwanza kupata faida yake: maji ya bomba, kazi, na sehemu ya fedha za wageni wajao kuwatazama sokwe. Mtu hulinda kwa moyo kile kinachomlisha.

Ndugu msomaji, huenda wewe wakaa mbali na Sabinyo. Labda wasoma haya ukiwa Tabora, Kisii, Bukavu au Masaka. Lakini jiulize swali ambalo mama wa Bunagana hujiuliza kila mwezi wa Agosti, anapofungua chungu na kutazama kilichobaki: mvua ikikosea njia mara mbili mwaka huu, je, nyumba hii ina mbegu ya kupanda mara ya tatu? Kama jibu ni hapana, basi kazi ya kuanza yajulikana, na wakati wake ni msimu huu wa mavuno, wakati chungu bado kimejaa.